Majoka Hakuwahi Kutuchekesha

Nilifanya KCSE mwaka 2015 katika shule moja ya kutwa huku Eastlands, na mpaka leo naweza kukusimulia Mstahiki Meya kutoka mwanzo hadi mwisho bila kufungua kitabu. Tamthilia hiyo ya Timothy Arege tuliisoma kama watu wanaosomea leseni. Meya Sosi wa Cheneo, uchafu usiozolewa, kituo cha afya kisicho na dawa, wafanyakazi wanaogoma. Mwalimu akisema "Jadili uongozi mbaya," mikono yote juu. Hoja kumi, mifano kumi, alama ishirini. Miaka miwili baadaye, Agosti 2017, darasa lile lile likapanga foleni na kumchagua Mike Sonko awe gavana wa Nairobi. Hata mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo. Sikuambii nilimpigia nani, ila usinifikirie vizuri sana.

Nimeanza na kitabu cha seti kwa sababu nina lalamiko na vitabu kabla sijafika kwa wanasiasa. Waliotufuata walisoma Kigogo ya Pauline Kea. Huko kuna Majoka, mtawala wa Sagamoyo, anayefunga soko la Chapakazi na kutesa wanaompinga. Kazi nzuri, siipingi. Lakini wachukue Sosi na Majoka uwaweke pamoja, uangalie wanachofanana: hakuna raia wa kawaida anayewapenda. Hawachezi ngoma na watu. Hawajui jina la mama mboga. Anayewasifu ni yule anayelipwa kuwasifu, na msomaji anamjua mara moja. Ukifunga kitabu unabaki na picha ya adui ambaye huwezi kumpigia kura hata kwa bahati mbaya. Sasa ingia mtaani na picha hiyo kichwani, ukutane na mwanasiasa anayekuchekesha mpaka machozi, anayeongea Sheng yako, aliyekuja kwenye matanga ya jirani kabla ya chifu. Utamlinganisha na Majoka? Majoka hakuwahi kutuchekesha.

Wachambuzi wa runinga wana jibu lao la haraka: watu wa Eastlands hupenda vituko, hawasomi sera. Haiba imeshinda hoja. Nimelisikia mara nyingi, kwa kawaida kutoka kwa mtu ambaye mfereji wake una maji. Nadhani ni uvivu wa kusoma. Mtu akikuambia umati haukusikiliza hoja, kwanza muulize kama yeye aliusikiliza umati.

Tumsome Sonko basi, kama tulivyomsoma Sosi, kwa makini na bila kukimbilia hukumu. Jina lenyewe ni Sheng: sonko ni mwenye doo, mkubwa. Alijiita hivyo mbele ya watu ambao wengi wao wanasota, na badala ya kukasirika watu walifurahi, kwa sababu sonko wa mtaani si tajiri wa Muthaiga. Sonko ni yule jamaa wa kwenu aliyeomoka na bado anasimama kwa kioski. Alitokea Makadara, kwenye uchaguzi mdogo wa Septemba 2010, baada ya mahakama kufuta ushindi wa Dick Wathika. Aliwashinda Wathika, aliyewahi kuwa meya, na Reuben Ndolo, aliyewahi kuwa mbunge. Yaani wanaume wawili waliokuwa na historia ya kazi walipigwa na mtu mwenye vipuli. Na vipuli si mzaha: akiwa mbunge aliwahi kutolewa bungeni kwa sababu ya vipuli na miwani ya jua. Sidhani kuna tangazo la kampeni ambalo lingemfaa zaidi. Kijana wa Maringo aliyewahi kufukuzwa kwenye mlango wa benki kwa sababu ya nywele zake alielewa sinema nzima bila maelezo.

Halafu yakaja magari. Sonko Rescue Team: magari ya wagonjwa, ya kuzima moto, malori ya maji, ya kubeba maiti, hata limuzini za harusi. Hapa ndipo wachambuzi wanapoteleza. Wanasema haya ni maonyesho. Ni maonyesho, ndiyo. Lakini ni hoja pia, hoja yenye magurudumu. Katika mtaa ambapo moto ukiwaka watu hupitishiana ndoo na karai, gari jekundu lenye jina la mtu ubavuni linasema jambo ambalo hakuna manifesto imewahi kulisema kwa ufupi hivyo: serikali haipo, mimi nipo. Mpinzani atajibu nini? Atasoma ukurasa wa kumi na nne?

Kuhusu manifesto nina neno. Nimezisoma kadhaa (ndiyo, kuna watu wa aina yetu). Nyingi huandikwa kwa Kiingereza, huzinduliwa kwenye hoteli ambayo mwenyekiti wa boda boda hawezi kuingia bila kuulizwa anaenda wapi, na zina picha ya watoto wanaocheka kando ya mfereji. Kama ni fasihi, ni fasihi mbovu: haina msemaji, haina anayesemeshwa, haina mahali. "Tutaimarisha utoaji wa huduma." Nani? Jericho au Runda? Mwaka gani? Ukinipa hiyo kama hoja na kunipa Sonko kama haiba, usinilaumu nikichagua mtu aliye na damu mwilini.

Na mpinzani wake wa 2017 hakuwa jukwaani bila vazi. Evans Kidero alikuwa mfamasia, mtu aliyewahi kuongoza kampuni ya sukari ya Mumias, gavana wa kwanza wa jiji. Alipoingia mwaka 2013 tuliambiwa sasa tumepata meneja. Suti, miwani, takwimu. Sisi huku tuliendelea kununua maji kwa mtungi. Ndiyo maana sikubali mgawanyo wa haiba huku na maana kule kama vitu viwili vilivyotengana. Umeneja pia ni uigizaji. Suti pia ni vazi la jukwaani, ila waigizaji wake hawapendi kuambiwa wanaigiza.

Jubilee yenyewe iliamini mgawanyo huo kiasi cha kuuweka kwenye karatasi ya kura. Sonko alipewa mgombea mwenza Polycarp Igathe, mtu wa makampuni makubwa, aliyetoka kuongoza kampuni ya mafuta. Mmoja alete watu, mwingine alete mafaili. Kura zaidi ya laki nane zikaingia. Waliapishwa Agosti 21, 2017, na Januari 12, 2018 Igathe akatangaza anajiuzulu, akisema ameshindwa kupata imani ya gavana ili aweze kuendesha kaunti. Haikufika hata miezi mitano. Sonko hakuwahi kupata naibu mwingine ofisini mpaka alipoondolewa; mwaka huo huo wa 2018 aliwahi kumpendekeza Miguna Miguna, ambaye serikali ilikuwa imemfukuza nchini. Kama mchezo wa kuigiza, hapo nilipiga makofi. Kama mkazi, nilikuwa naziba pua, maana takataka zilikuwa zimefika kwenye kona yetu kama Cheneo ya mwalimu wetu.

Mwisho wake unaujua. Februari 2020 alitia sahihi Ikulu kukabidhi serikali kuu majukumu makubwa ya kaunti, yakiwemo afya na uchukuzi, na Meja Jenerali Mohammed Badi akapewa kuyaendesha. Desemba mwaka huo bunge la kaunti likamwondoa na Seneti ikaidhinisha. Mtu aliyejengwa juu ya neno "nipo" aliishia kuwa gavana asiye na kazi ya kufanya.

Lakini kusema "alishindwa kwa sababu alikuwa haiba tupu" bado ni kurudi kwa wachambuzi wa runinga. Kilichokosekana nilikielewa kupitia mama yangu, si kupitia magazeti.

Mwaka ule wa 2017 mzee mmoja wa kwenye ploti yetu alifariki, na familia haikuwa na nauli ya kupeleka mwili na waombolezaji ushago. Mgombea mmoja, si huyo ninayemzungumzia na jina lake tuliache, alileta basi. Basi zima, limejaa mafuta, dereva amelipwa. Mimi, na cheti changu cha KCSE, nikamwambia mama huo ni ununuzi wa kura.

"Wewe mtoto," akasema, "wale wengine wa sera zako walileta nini?"

"Mama, sera si ya kuletwa kwa matanga."

"Basi wazikwe na sera."

Sikuwa na jibu, na sidhani hata leo ninalo la kumtosha. Mgombea alishinda. Miaka miwili baadaye mjane wa yule mzee alienda ofisini kwake kutafuta basari ya kifungua mimba wake. Mlangoni kijana akamwambia mheshimiwa ako fildi. Akarudi. Fildi. Akarudi tena. Alienda mara nne, na mara ya nne akarudi akiwa amenyamaza. Nilimuuliza kwa nini hakusimama pale apige kelele, maana basari ni pesa za umma. Akaniangalia kama mtu asiyejua adabu. Angempigia kelele vipi mtu aliyemzikia mume?

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo hakuna mwalimu aliniandikia ubaoni. Zawadi haina risiti. Ukilipia kitu unapewa karatasi, na ukiwa na karatasi unaweza kurudi Jumanne ukauliza. Ukipewa kwa huruma unabaki na deni. Gari la wagonjwa la kaunti likichelewa naweza kutukana kanjo mpaka sauti ikauke. Gari la wagonjwa la Sonko likichelewa nitasema nini, kwamba hisani imechelewa? Kwa hiyo shida ya magari yale haikuwa kwamba ni tupu. Yalibeba watu kweli, yalizima mioto kweli. Shida ni kwamba kila safari ilitufundisha kushukuru mahali tulipopaswa kudai. Na mtu aliyezoea kushukuriwa, mpe ofisi ambayo kazi yake ni kudaiwa kila siku asubuhi, uone atakaa kwa kiti namna gani.

Wengine walijaribu njia iliyo kinyume. Mwaka huo huo, Starehe, Boniface Mwangi alisimama kwa chama chake cha Ukweli, bila kugawa pesa, akichangiwa na watu wadogo wadogo. Mshindi akawa Jaguar, mwanamuziki wa Kigeugeu, kwa tiketi ya Jubilee. Kampeni hiyo imo ndani ya Softie, filamu ya Sam Soko ya mwaka 2020 iliyopata tuzo Sundance. Itafute uitazame, hasa kwa ajili ya Njeri, mke wa Boniface, ambaye anabeba filamu nzima kwa uso wake. Lakini itazame pia kama mtu wa mtaa. Mpigakura anauliza chake kiko wapi, mgombea anakataa kutoa, na ukumbi wa watazamaji (nilipoitazama mimi, wengi walikuwa watu wa upande ule wa jiji) unaguna kwa huzuni: maskini Boni, watu hawa hawaelewi. Mimi niliguna pia. Baadaye nikakumbuka basi la matanga. Filamu inajali bei ambayo nyumba ya Boniface ililipa, na ni haki yake kuchagua hivyo, ila anayeomba mia mbili hatujui siku yake ilianzaje wala hilo ombi lilitoka wapi. Boniface alikuwa na maadili na alikuwa na ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Alichokuwa anauza, hata hivyo, kilikuwa bado ni yeye mwenyewe: mwaminini, mimi ni safi. Hiyo pia ni haiba, ya aina nyingine.

Eastlands yenyewe imewahi kuona kitu tofauti, na si hadithi ya kubuni. Nenda Kaloleni, kwenye ukumbi wa jamii ambao wenyeji wa zamani waliuita Bunge. Katika enzi hizo Tom Mboya alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkaguzi wa afya wa halmashauri ya jiji. Mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, alisimama Nairobi dhidi ya Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini. Niambie hapo nani alikuwa haiba na nani hoja. Mwenye shahada alikuwa Kodhek. Mwenye suti iliyokaa vizuri na ulimi uliofanya watu wasahau mvua alikuwa Mboya, na Mboya akashinda. Angekuwepo mchambuzi wa runinga siku hizo, angesema wakazi wa Kaloleni wamedanganywa na sura.

Ila nyuma ya ulimi ule kulikuwa na vitu vya kuchosha kabisa. Chama cha wafanyakazi wa halmashauri. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Chama cha siasa cha jiji, Nairobi People's Convention Party, kilichopangwa kwa matawi. Kadi, ada, mikutano ya kamati, kumbukumbu za mikutano ya kamati. Mwanachama aliyelipa ada alikuwa na haki ya kuuliza hata kama alikuwa anampenda Mboya kufa, na hasa kama alikuwa anampenda. Simtakasi. Wapinzani wake walimshambulia kwa pesa za Marekani, na Solidarity House pale Digo Road, Gikomba, ilijengwa kwa msaada wa vyama vya wafanyakazi vya huko. Ndege za wanafunzi za 1959 pia zilimjenga jina, na alijua zinamjenga. Lakini alipopigwa risasi Julai 5, 1969 vyama havikuzikwa naye. Jengo la Digo Road lingali pale, watu wanaingia na kutoka. Magari ya Rescue Team sijui utayaonea wapi leo.

Nimehudhuria mikutano ya kutosha, Camp Toyoyo na Jacaranda na kwenye vichochoro visivyo na jina, na nimejifunza kuisikiliza kama mtu anavyosikiliza taarabu: kwa kujua mpangilio. Lori na spika zinafika saa nane. DJ anapasha. Mgombea hafiki kabla ya saa kumi na moja, wasee wakishatoka Indasi. Anapanda, anacheza, na akicheza vibaya anapendwa zaidi. Anamsema mpinzani, hapo ndipo utasikia sentensi yake bora, iliyonolewa. Kisha dakika mbili za ahadi, haraka haraka, kama mtu anayesoma masharti ya dawa kwenye redio. Kisha muziki. Kisha lile gari linaloondoka polepole na vijana wanaolifuata, na kila mtu anajua kwa nini. Nilikuwa nadhani tatizo ni ile ngoma. Siku hizi nadhani ngoma haina neno, tunaweza kucheza. Tatizo ni zile dakika mbili. Hakuna wakati hata mmoja kwenye mkutano ambapo kipaza sauti kinashuka chini.

Lakini usiseme watu hawawezi kukaa na kitu kigumu. Juni 2024 nilikuwa kwenye matatu ya Umoja na makanga, makanga mwenyewe, alikuwa anamweleza abiria kifungu cha Mswada wa Fedha kuhusu kodi ya magari ya asilimia 2.5, na abiria anamjibu na VAT ya mkate ya asilimia 16. Mswada! Maandishi makavu kuliko manifesto yoyote. Watu waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauchambua kwa TikTok, wakaubeba barabarani bila kiongozi wa kuwachekesha na bila lori la spika. Juni 25 wengine hawakurudi nyumbani, na siku iliyofuata rais akasema hatautia sahihi. Umati ule ulikuwa umesoma. Hakuna aliyeutengenezea haiba, mkate ulitosha. Nashangaa kwamba wale waliosema kwa miaka yote kuwa mtaa hausomi hawajarudi kutuomba msamaha. Kilichonisumbua ni kilichofuata: kila mtu alijua hoja, ila hakukuwa na ofisi wala kamati wala kijana wa mlangoni wa kumuuliza kesho yake. Tulikuwa na hoja bila kadi, kama ambavyo 2017 tulikuwa na gari bila risiti.

Sasa 2027 inakuja na mitaa imeanza kuchangamka. Wiki chache zilizopita mtu anayetaka udiwani alipita kwenye ploti yetu na unga, lori na DJ. Mama alikuwa anapiga deki kwa tisheti ya kampeni ya zamani, uso wa mtu wa basi umefifia umebaki meno. Akanyoosha mgongo, akamsubiri amalize kucheza.

"Mwanangu," akamwambia, "ofisi yako itakuwa wapi? Na Jumanne nikija, nitampata nani?"

Jamaa akacheka vizuri sana, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita shosh wake. Kisha akamgeukia DJ. Muziki ukarudi.

Mama akaingia ndani. Nilimuuliza kama alichukua unga. Alichukua, pakiti mbili.